Swali Nililolimeza

Lugha ya kwanza niliyoifanyia kazi ilikuwa ile ambayo mama yangu hakutaka iingie ndani ya nyumba. Alikuwa akikaanga mihogo karibu na lango la kambi ya jeshi, Jinja, na wateja wake wengi walikuwa wake za askari, watu wa kaskazini na wa Teso, wenye Kiswahili kifupi cha kukata. "Leta ile kubwa." "Hii bei gani, mama?" Mama hakuwajibu. Alinitazama mimi, nami nikajibu kwa niaba yake, kisha nikamgeuzia maneno yao kwa Kisoga. Nilikuwa na miaka minane, na Kiswahili nilikuwa nimekiokota kwa watoto wao, kwenye mpira wa karatasi, kama mtu anavyookota chawa.

Siku moja mke wa sajini alionja kipande, akakitema, akasema mihogo ina ladha ya sabuni na aliyeikaanga hanawi mikono. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia, "Anasema leo mafuta ni mazuri." Mama akamtazama yule mwanamke kwa muda, akamwongezea kipande cha bure. Mwanamke akaduwaa, akakipokea, na kuanzia kesho yake akawa mteja wa kila siku. Niliona nimevumbua kitu.

Kwa nini mama alikichukia Kiswahili niliambiwa mara moja tu, na shangazi. Kaka mkubwa wa mama alichukuliwa na watu waliobisha hodi kwa Kiswahili, katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, akarudi baada ya siku kumi na moja. Hakueleza alikokuwa. Mimi nilimkuta mzee tayari. Redio ikianza kusoma habari kwa Kiswahili, aliinuka, akatoka, akasimama uani mpaka ziishe, hata mvua ikinyesha. Nami mtoto nilimchungulia dirishani, maji yakimchuruzika shingoni, nikijiuliza ni neno gani analolikimbia.

Shule niliiacha darasa la sita. Ada ilikuwa tabu, lakini nisingizie ada tu? Nilitaka kujua barabara ya Iganga inaishia wapi. Nikaenda kuona, haikuishia. Nimepakia samaki Masese, nimeuza tiketi kwenye stendi ya mabasi Mbale, nimefyatua matofali, nimelala Malaba kati ya malori nikiwasikiliza madereva wa Kenya wakitukanana vizuri. Kila nilipokaa niliondoka na maneno ya watu wa hapo. Vitu vingine vilipotea njiani.

Kijerumani nilikipata kwa kuosha. Katika kambi moja ya watalii nje ya Jinja, mahali ambapo wageni hushuka maporomoko ya Nile kwa mitumbwi ya mpira, kazi yangu ilikuwa kusuuza helmeti na majaketi ya kuelea yanaporudi yamelowa. Palikuwa na Mjerumani mmoja, mfundishaji wa kayaki, aliyependa kusema peke yake akikarabati vifaa. Nikamwuliza jina la kila alichoshika, nikaliandika kwa kalamu kwenye mkono. Jioni niliosha mkono mmoja tu, maneno yasifutike. Wenzangu walinicheka: kwa nini nisiongeze Kiingereza kama watu? Nikawaambia Jinja nzima ina Kiingereza. Mtu akiwa na kitu ambacho wote wanacho, nani atamtafuta?

Na kweli walinitafuta. Baada ya misimu mitatu nilikuwa nasafiri na Wajerumani, Waswisi na Waaustria kwa niaba ya ofisi ndogo ya utalii pale mjini, nikiwapeleka Sipi, Wanale, mashamba ya kahawa ya Mlima Elgon. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa Kisoga, mnene, mcheshi, mwenye sheria moja. "Mgeni asirudi kwao na uchungu," alituambia kila asubuhi, kama wengine wanavyosali. Maana yake ilikuwa kwamba maneno ya wenyeji yapigwe pasi kabla hayajamfikia mgeni, na ya mgeni vilevile kabla hayajawafikia wenyeji. Ndivyo tulivyoita, kupiga pasi. Wachuuzi wa soko la Mbale wakisema huyu mzungu ameiva kama nyanya ya kusaga, mimi nilimwambia mgeni wanaisifu afya yake. Mgeni akisema pale pananuka, niliwaambia wachuuzi amevutiwa na wingi wa samaki. Pande zote zilicheka. Nilikuwa hodari kwa hilo kuliko wote ofisini, maana nilikuwa nimeanza nikiwa na miaka minane.

Kisha mzee mmoja Mjerumani aliandikia ofisi mapema, akitaka mtu anayejua Kijerumani na gari kwa siku tatu. Hakutaka maporomoko wala mlima. Alitaka Mbale tu, mjini. Alifika na mkongojo, na kifaa cha kusikia katika sikio la kushoto. Ujanani, aliniambia, alikuwa fundi wa pampu za maji katika mradi mmoja wa misheni, akikaa Mbale, akichimba visima mpaka upande wa Tororo. Aliondoka ghafla katika miaka ile mibaya na hakurudi mpaka sasa.

Kitu kimoja nilikiona njiani. Kila tulipokaribia kizuizi cha polisi, alikitoa kile kifaa sikioni, akakifumbata kiganjani, akatazama mbele. Tukipita, alikirudisha. Kizuizi cha pili, polisi aliyeinama dirishani alimtazama akacheka.

"Bwana, mzungu yako iko na hofu. Ameiba nini?"

"Afande, ni uzee tu."

"Basi mupelekee chai. Mutu ya namna hii inaweza kukufia ndani ya gari."

Mzee hakuuliza polisi alisema nini. Ndiye mgeni wangu wa kwanza ambaye hakuuliza.

Asubuhi yake, tukinywa kahawa Mbale, alinieleza anachokitafuta. Alikuwa na dereva wa lori katika mradi ule, Mwislamu wa hapa mjini, kijana wa umri wake. Dereva alikuwa na mke na mtoto mchanga, na nyumba Nabuyonga, jirani na mto. Mzee alitaka kumwona mke huyo kama yu hai. Ana neno la kumpa. Neno gani, hakusema, nami sikumchimba. Nilidhani ni salamu na picha, kama wazee wengine wanaorudi.

Nabuyonga tuliuliza kwa fundi cherehani. Nilipotaja dereva wa zamani wa lori la misheni, hakufikiri hata kidogo. "Yule mama wa kufuli," akasema, akanyoosha kidole.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, imepigwa plasta mbele tu. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na mstari wa tope ulioachwa na mto ulipofurika. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, rangi ya kijani, na kwenye komeo lake lilining'inia kufuli la shaba la kizamani, limeng'aa kwa kushikwa. Mwenyewe alitukaribisha barazani, mwanamke mrefu aliyevaa buibui jeusi lililofifia. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa uzi shingoni mwake. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kabisa, cha Waislamu wa Mbale, kinateremka bila kujikwaa. Nilifurahi. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi.

Nilipomweleza kwamba mzee huyu ndiye aliyekuwa fundi wa pampu wa mradi, alimtazama sana, akasema anamkumbuka; alikuwa mwembamba kama fito na alikuwa akila mandazi yake bila kuvunja. Akaingia ndani kupika chai. Alipotoka na birika alikuwa ameshaanza kusimulia, kama mtu aliyesimulia mara nyingi na hajachoka.

Mumewe aliondoka asubuhi, siku ya kazi, kupeleka mabomba upande wa Tororo. Alivaa ovaroli ya buluu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshona kiraka cha njano kwenye mfuko wa kifuani, kwa kipande cha leso yake. Hakurudi, wala lori halikurudi. Alimtafuta kila kambi, kila kituo, na mtoto mgongoni, akiuliza kama kuna aliyemwona mwanamume mwenye kiraka cha njano. Askari mmoja alimwambia akirudi tena hapo atashonewa yeye kiraka.

"Mwanangu amenijengea nyumba kule Nkoma," akasema, akinimiminia. "Ina malumalu, ina choo ndani. Nikamwambia, mimi nitalalaje na choo?" Akacheka, kisha akaacha. "Lakini si choo. Mume wangu aliondoka na ufunguo wa pili wa kufuli hili. Akija atakuja hapa, atafungua hapa. Kule Nkoma yeye hapajui."

Nikamwambia kwa upole kwamba ni miaka mingi.

"Najua kuhesabu. Sheikh aliniambia zamani zile: ukipata mtu mmoja aliyemwona maiti kwa macho yake, akushuhudie, basi wewe ni mjane, kaa eda, msomee mumeo, endelea na maisha. Nimeletewa uvumi mwingi. Aliyeona hajaja. Mpaka aje, mimi ni mke wa mtu, na mke wa mtu hafungi nyumba akahama bila ruhusa."

Hayo yote nilimtafsiria mzee, na niliyatafsiri vizuri, pamoja na kiraka. Nilipofika kwenye kiraka aliweka kikombe chini.

Halafu akasema. Alisema polepole, akitazama kufuli. Wiki ile mabomba hayakufika, kwa hiyo yeye alichukua gari dogo kufuata barabara ya Tororo. Baada ya daraja palikuwa na kizuizi cha askari, na kando yake, mtaroni, watu watatu wamelala kifudifudi na mmoja chali. Aliyelala chali alikuwa na kiraka cha njano kifuani. Alimwona uso. Alikuwa mbali naye kama mlango huu na ule mti. Askari alimwuliza kama anamjua mtu yeyote pale. Akasema hapana. Akaruhusiwa kupita, akapita, na wiki hiyohiyo akapanda ndege. Kwa maisha yake yote amekuwa akijibu lile swali upya. Sasa anataka mke huyu ajue kwamba mumewe alikufa, kwamba yeye alimwona, na kwamba alimkana. Akaniambia, "Mwambie yote. Usiache kitu."

Mama akanigeukia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja juu.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonipata pale. Naweza kusema nilimhurumia. Naweza kusema nilimhofia mzee, alivyokuwa akitetemeka, asije akanifia barazani kwa watu. Lakini kuna jingine. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa mtu, natakiwa kumwambia mke kwa Kiswahili kwamba mumewe ameuawa, na mwili wangu ulikataa. Nilimwona mjomba uani kwenye mvua. Niliona kwamba sauti iliyobisha kwake ilikuwa hii yangu, lugha hii, labda hata maneno haya. Na mdomo, ukiachwa peke yake, hufanya kazi unayoijua.

Nikapiga pasi. Nikasema: "Mama, mzee anasema amebeba huzuni yako miaka yote. Alisikia kwa watu kwamba huenda mumeo alipatwa na mabaya njia ya Tororo. Anasikitika sana."

Kisha akauliza lile alilotakiwa kuuliza.

"Alimwona kwa macho yake?"

Njia ilikuwa bado ipo hapo. Ningemgeukia mzee, nimpe swali lile lile, naye angelijibu mwenyewe, kwa kichwa tu. Nikamgeukia. Nikamwambia, kwa Kijerumani, "Anauliza kama tangawizi imezidi kwenye chai."

Mzee alikuwa na machozi mpaka kidevuni. Akatikisa kichwa. Hapana, haikuzidi.

Mama alikiona kile kichwa kikitikisika. Nami nikamwambia, "Hapana, mama. Alisikia tu."

Mabega yake yakashuka kidogo sana, kama mtu aliyeambiwa basi limejaa. Akamshika mzee mkono. "Mwambie asilie," akasema. "Aliyesikia tu hana kosa."

Nikamwambia mzee, "Anasema huna kosa."

Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, ameshikwa mkono, na mimi nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno, inachoma koo.

Tuliporudi Jinja hakutoa kifaa sikioni kwenye kizuizi hata kimoja. Alimsalimu polisi kwa Kiswahili alichokikumbuka. Mwenye ofisi alipoona uso wake alinipiga bega. Mgeni harudi kwao na uchungu.

Mimi ndimi niliyebaki nao. Mwanzoni ulikuja kazini. Kundi la Waswisi likiniuliza kama kweli kuna viboko sehemu hii ya mto, kama nimewaona mimi mwenyewe, nilisita, nikakauka. Nikimtafsiria mtu bei ya kikapu niliona mtu mwingine nyuma yake akisubiri kuulizwa. Nilianza kutafsiri kila kitu neno kwa neno, matusi kwa matusi, hadi mgeni mmoja alilia sokoni Mbale, na mwenye ofisi akaniuliza kama ninaumwa. Niliiacha ofisi, nikaenda kuendesha gari la mchanga, nikarudi. Popote nilipolala nilikuta mwanamke amekaa barazani, viganja juu.

Baada ya mwaka na kitu binti wa yule mzee aliniandikia kwenye simu. Baba amefariki, kwa utulivu. Tangu safari ile alilala usingizi mzuri, alisema. Alikuwa akieleza habari za mama mmoja wa Mbale aliyempa chai na kumshika mkono. Anashukuru sana. Nilimwuliza kama baba aliacha maandishi yoyote kuhusu dereva wake, barua, chochote. Akajibu kwamba hakuwahi kusikia habari za dereva. Alipekua, akanitumia picha aliyoikuta ndani ya kitabu: vijana wawili mbele ya lori, mmoja mweupe, mmoja mweusi mwenye ovaroli, wote wanacheka na mtu aliye nje ya picha.

Niliichapisha picha ile studio, Jinja, nikaenda kwa mama. Siku hizi hakaangi. Anakaa, anachambua maharage ya wengine. Nikamweleza yote, kwa Kisoga, kuanzia polisi wa barabarani. Alichambua mpaka nikamaliza.

"Na mihogo yangu ilikuwa na sabuni kweli?" akauliza.

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Alikuwa amesikia. Siku ile, na siku zote, alikuwa akisikia kila neno.

"Wewe ulidhani unanidanganya," akasema. "Nilikuacha kwa sababu nilikuwa nachagua mwenyewe. Niliwasikia, nikakusikia na wewe, nikachukua ninachotaka. Yule mama hasikii Kijerumani. Amechagua nini?"

Halafu akaweka ungo chini, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha kambini ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake: "Rudi. Sema."

Nilikwenda Mbale msimu wa mvua. Mto Nabuyonga ulikuwa umejaa maji ya rangi ya matofali. Ukutani pa nyumba palikuwa na mstari mwingine wa tope, juu ya ule wa kwanza, karibu na kiuno. Vitanda vilikuwa vimewekwa juu ya matofali, na godoro lilianikwa barazani. Jirani alinieleza kwamba mwana wa mama alikuja na gari kumchukua, mama akakataa, akakaa juu ya meza mpaka maji yakapungua.

Nilimpa picha. Aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hapa kiraka hakijashonwa," akasema.

Nikamwambia mzungu amefariki. Akasoma dua yake kwa sauti ya chini. Halafu nikamwambia lililobaki, lote, mtaro na kiraka na uso na askari na jibu la hapana. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye chai alilitazama birika lake.

"Wewe ndiye uliyeniambia alisikia tu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye alitikisa kichwa. Nilimwona."

"Alikuwa akijibu habari za tangawizi."

Akarudia neno hilo, tangawizi, kama mtu anayesoma kibao cha mji asioujua. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga sufuria. Nikasema kwamba mzee alikitaja kiraka cha njano, na yeye angejuaje?

"Kiraka nilikutajia mimi, mbele yake, na wewe ukamtafsiria. Nabuyonga nzima inakijua. Nilikitangaza mwenyewe, nikiwa na mtoto mgongoni." Hakupandisha sauti. "Sasa niende na nani kwa sheikh, mwanangu? Aliyeona amekufa. Umebaki wewe, na kwako nina maneno mawili. Nilibebe lipi?"

Niliinuka niondoke.

"Kaa. Sema kama alivyosema yeye. Kwa lugha yake."

Nikasema. Nilikuwa nimeyashika yote, hata vituo alivyoweka kumeza mate. Kijerumani kwenye baraza ile kilisikika kikavu, na yeye alisikiliza akiutazama mdomo wangu, bila kuelewa hata neno, mpaka mwisho.

"Sasa kwa Kiswahili. Na usimame pale walipokuwa wakisimama wao, waliokuwa wakibisha hodi miaka ile."

Nikasimama mlangoni, kufuli limenigusa kiwiko. "Mama," nikasema, "mumeo amekufa. Huyu mtu alimwona kwa macho yake, njia ya Tororo, baada ya daraja."

Ni maneno machache. Nilitazamia alie au anifukuze. Akasema, "Nimesikia," akaingia ndani na ile picha. Siku hiyo hakunipikia chai.

Miezi saba au minane ikapita kabla sijapata safari nyingine ya Mbale. Niliwaacha wageni wangu hotelini wakioga tope la Wanale, nikaenda Nabuyonga. Nyumba ilikuwa imesimama, imechoka, lakini mahali pa mlango palikuwa wazi. Mlango haukuwepo, wala fremu yake. Palibaki shimo, na mbuzi wa mtu amesimama ndani. Fundi cherehani aliniambia mama amehamia Nkoma kwa mwanawe. Kuhusu mlango alicheka tu, akasema nenda ukaone.

Boda boda alinishusha mbele ya nyumba nyeupe yenye madirisha ya vioo na geti la chuma. Milango yote ya mbele ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi ya kahawa. Ubavuni, kwenye chumba chenye kijukwaa chake cha kukalia, palikuwa na mlango wa kijani. Fremu ya zamani ilikuwa fupi kuliko tundu, kwa hiyo waashi walikuwa wamejaza matofali kuizunguka, na saruji ilikuwa bado haijapakwa rangi. Juu ya komeo lilining'inia kufuli la shaba.

Alikuwa amekaa mbele yake, amevaa buibui jipya. Nikamsalimu, akaitikia. Hakuonyesha kushangaa. Aliniambia sheikh alimpa pole, akamwambia kwamba eda yake, ikiwa ni kweli, ilikwisha kabla hajaota mvi, na ikiwa si kweli, Mungu anajua. Walimsomea marehemu. Alimwita hivyo, marehemu, halafu akaugusa ufunguo shingoni.

Nilikuwa nimeutazama mlango muda mrefu kupita adabu.

"Ungesema siku ile," akasema, "naye amekaa pale, nikamtazama machoni, ningeuacha kule na mbuzi."

Akaingia kwa mlango wa chuma, si ule wa kijani, akatoka na birika. Alinimiminia, akajimiminia, akasubiri ninywe.

"Tangawizi imezidi?" akauliza.

"Imezidi, mama. Inachoma."

Akanitazama kidogo. Kisha akakichukua kikombe changu, akamwaga nusu kwenye nyasi, akaongeza maziwa.